Glutenfri au fri från gluten? Kuchagua vivumishi vya kuunganisha katika Kiswidi

Mtoto mwenye macho ya bluu. Chakula kisicho na sukari. Mtu anayeogopa giza. Hivyo ndivyo Kiswahili kinavyopanga sifa: nomino inatangulia na maelezo yanafuata. Kiswidi nacho kina njia inayokaribiana na hiyo: ett barn med blå ögon, mat utan socker, en person som är rädd för mörkret. Lakini kina pia njia ya pili, ambayo hubana kila kitu katika neno moja linalokaa mbele ya nomino: ett blåögt barn, sockerfri mat, en mörkrädd person.

Sisi tuliokulia kwenye Kiswahili, iwe Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura au Bukavu, hukimbilia njia ya kwanza kwa sababu ndiyo tuliyoizoea. Tukishaijua ya pili, wengi wetu huanza kuitumia kila mahali. Mswidi atatuelewa kwa vyovyote, ila mara nyingi sentensi inakuwa haijakaa sawa. Njia hizi mbili hazifanyi kazi ileile. Neno lililounganishwa hutaja aina ya mtu au kitu. Maneno yaliyoachana hutoa habari: hali ya sasa, kiasi, sababu, mipaka. Nimewafundisha wenzetu Kiswidi kwa muda, na naamini tofauti hii moja inasaidia kuliko kukariri orodha ndefu ya maneno.

Aina au habari

Chukua mörkrädd. Ukisema Min dotter är mörkrädd, umetaja tabia ya binti yako: ni mtoto wa kuogopa giza, leo na kesho. Ukisema Hon blev rädd för mörkret i källaren, umesimulia tukio. Mle kwenye chumba cha chini ya nyumba giza lilimtisha. Kwingine huenda hana shida nalo. Mwalimu wa chekechea akitaka kujua mtoto alazwe vipi mchana, anahitaji mörkrädd. Akiuliza kwa nini mtoto alilia jana, anahitaji kirai, yaani maneno yaliyoachana.

Suala la mzio ni zito zaidi, maana hapo neno likikosewa mtu anaweza kuumia. Jag är nötallergisk ni sentensi fupi na mhudumu wa mkahawa anaielewa mara moja. Lakini sheria ya Umoja wa Ulaya, inayodai vizio 14 vitajwe kwenye chakula, inatenganisha karanga (jordnötter) na jamii ya lozi, korosho na jozi (nötter). Nötallergisk haisemi unazungumzia kundi lipi. Mwenye mzio wa karanga peke yake afadhali aseme Jag är allergisk mot jordnötter, kisha aongeze men jag tål mandel ikiwa lozi hazimdhuru. Kirai kina nafasi ya kuongezea neno mbele; neno lililounganishwa limeshafungwa. Kuna jordnötsallergisk pia, ambalo ni sahihi kabisa, lakini kwa mtu anayeanza Kiswidi kirai kinatamkika kwa urahisi na kinaeleweka hata kelele za jikoni zikiwa nyingi.

Dukani mambo hugeuka. Neno glutenfri kwenye pakiti ni zaidi ya maelezo, kwa kuwa lina sheria nyuma yake: chakula kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Sockerfri nalo lina kipimo: sukari isizidi gramu 0.5 kwa gramu 100 au mililita 100. Sasa linganisha na maneno yaliyoachana utan tillsatt socker, yaani bila sukari iliyoongezwa. Juisi inaweza kuandikwa hivyo na bado ikajaa sukari ya tunda lenyewe. Mwenye kisukari akisoma utan tillsatt socker akadhani ni sawa na sockerfri, anabeba kitu tofauti kabisa. Hapa msomaji hana hiari ya mtindo. Kila namna ina maana yake, na inafaa kuijua kabla ya kufika kwenye rafu.

Blåögd inahitaji tahadhari ya aina nyingine. Kwa umbo lake ni mwenye macho ya bluu, na linatumika hivyo. Lakini Waswidi hulitumia pia kwa mtu anayeamini kila anachoambiwa, asiyeona hila za watu. Vi var blåögda, atasema mfanyabiashara aliyeingia mkataba mbaya. Kwa hiyo ukitaka kumweleza mtu kwa sura yake tu, chagua med blå ögon. Rangi nyingine hazina tatizo hili: brunögd ni macho ya kahawia na basi.

Maneno mengine hayakupi uchaguzi. Ansvarsfull (anayewajibika) huwezi kuligeuza full av ansvar. Livsfarlig, yaani hatari kwa maisha, ndilo lililoandikwa kwenye mabango ya umeme, na ndilo la kutumia. Kwa fiberrik na rik på fibrer (chenye nyuzinyuzi nyingi), chagua lolote; sijaona tofauti ya maana zaidi ya kwamba la kwanza linapendwa na wauzaji.

Yaliyo -fri na yaliyo -lös

Sehemu zote mbili zinaonyesha kwamba kitu hakipo, na wanafunzi wengi huzichanganya. -lös hutumika zaidi pale kinachokosekana kilitarajiwa kuwepo, au kukosekana kwake ni upungufu. -fri hutumika pale kukosekana ni nafuu au jambo lililokusudiwa.

| -lös | -fri |
|---|---|
| arbetslös: asiye na ajira | arbetsfri: isiyo na kazi, kama en arbetsfri dag, siku ya mapumziko |
| barnlös: asiye na watoto | barnfri: bila watoto kwa kupenda, au kwa muda |
| hemlös: asiye na makazi | skuldfri: asiye na deni |
| sömnlös: asiyepata usingizi | felfri: isiyo na kasoro |
| hopplös: isiyo na tumaini | skattefri: isiyotozwa kodi |

Mstari wa watoto ndio unaostahili kutazamwa kwa makini. Wazazi wakisema wana en barnfri kväll, wanao watoto. Usiku huo wamewaacha kwa bibi. Ett barnfritt hotell ni hoteli isiyopokea watoto. Mtu mzima akijiita barnfri, anakueleza kwamba aliamua kutokuwa na watoto. Barnlös halitaji uamuzi, na mara nyingi linagusa huzuni. Katika utamaduni wetu, ambapo swali la watoto huulizwa mapema na kwa upendo, ni vizuri kuyajua maneno haya kabla ya kumweleza mtu mwingine kwa Kiswidi. Ukiwa hujui hali yake, sema tu hon har inga barn, hana watoto. Kirai hicho hakihukumu upande wowote.

Kanuni hii ina mianya. Trådlös ni isiyo na waya, na hakuna anayesikitika kwamba waya haupo. Kwa hiyo ichukulie kama mwelekeo.

Jambo linalowasumbua wengi hapa ni ile s ya katikati. Arbete hupoteza e na kuchukua s: arbetslös. Liv na ansvar huchukua s: livsfarlig, ansvarsfull. Lakini hopp, barn na hem hazichukui chochote, na värde hubaki na e yake: värdelös, isiyo na thamani. Nomino zinazoishia kwa -het, -ing, -skap na -tion karibu kila mara huchukua s, kama katika säkerhetsmedveten na lösningsorienterad. Kwa zilizobaki, tazama tovuti ya svenska.se, ambako kamusi za Svenska Akademien, taasisi ya lugha ya Kiswidi, zinapatikana bure.

Neno moja au mawili

Hapa naweka msisitizo wangu wote. Kosa la kuandika neno lililounganishwa kama maneno mawili, ambalo Waswidi huliita särskrivning, ni kosa la kawaida hata kwa wenyeji, na linakera kwa sababu linabadilisha maana. Rökfritt ni mahali pasiporuhusiwa kuvuta sigara. Rök fritt ni amri: vuta upendavyo. Kibao kimoja, nafasi moja katikati, na ujumbe umepinduka. Mfano wanaoupenda walimu wengi ni en mörkhårig sjuksköterska, muuguzi mwenye nywele nyeusi. Ukiachanisha ukaandika en mörk hårig sjuk sköterska, umepata mhudumu mweusi, mwenye manyoya, tena mgonjwa.

Mwamuzi mzuri wa jambo hili ni sikio. Katika neno lililounganishwa mkazo mkuu huangukia sehemu ya kwanza, na sehemu ya mwisho hupata mkazo mdogo. Katika lahaja nyingi za Sweden sauti hupanda tena kidogo kwenye sehemu hiyo ya mwisho. Maneno mawili yaliyoachana kila moja lina mkazo wake kamili. Kwetu hili halijitokezi lenyewe, kwa kuwa Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi hutaka kufanya hivyohivyo kwa Kiswidi. Soma kwa sauti mörkhårig, halafu mörk, hårig. Ukisikia tofauti, utajua pia namna ya kuandika.

Usiiamini sana programu ya kusahihisha tahajia ya simu au kompyuta. Isipolijua neno, huliwekea mstari mwekundu, na mwanafunzi huligawanya ili mstari uondoke. Toleo la 14 la kamusi ya tahajia ya Akademien, SAOL, lililotoka mwaka 2015, lina maneno takriban 126,000, na bado vivumishi vya namna hii havikwishi humo kwa sababu wasemaji huunda vipya kila siku. Ukiuliza kwenye mkahawa Är såsen chilifri? (je, mchuzi hauna pilipili?), hakuna atakayekuuliza umelitoa wapi neno hilo.

Kuna sehemu moja ya tahajia inayomshtua kila mtu. Konsonanti tatu zinazofanana zikikutana, moja huanguka: lätt na tillgänglig zinakuwa lättillgänglig, inayopatikana kwa urahisi, kwa t mbili tu. Na yapo maneno yanayobaki mawili. Takwimu rasmi za Sweden, kwa mfano, huandika utrikes född kwa mtu aliyezaliwa nje ya nchi.

Upatanisho, kwa bahati njema, ni mwepesi: sehemu ya mwisho tu ndiyo inayobadilika. En mörkblå bil, ett mörkblått hus, mörkblåa skor. Ett glutenfritt bröd, glutenfria kakor. Sehemu ya mwisho ndiyo pia yenye neno kuu, na kwenye rangi hili lina uzito: gulgrön ni kijani kinachoelekea njano, gröngul ni njano inayoelekea kijani.

Jättebra, mycket bra, na weusi wa tititi

Ukitaka kukoleza sifa, una njia tatu. Mycket na väldigt husimama peke yake na hufaa popote, kuanzia barua ya ofisi hadi mazungumzo ya jikoni. Jätte- hubandikwa: jättebra, jättetrött, jättefin. Ni la mazungumzo ya kila siku, halina ukali wala utovu wa adabu, na unaweza kumwambia daktari kwamba det gör jätteont, inauma sana. Kwenye barua ya kuomba kazi liache. Skit- nalo hubandikwa, lakini asili yake ni kinyesi. Litunze kwa marafiki wa karibu, na usilitumie mbele ya mtu unayemheshimu hadi utakapomsikia yeye akilitumia.

Njia ya tatu ndiyo nzuri kuliko zote, na sisi tuna ndugu yake nyumbani. Kiswahili husema nyeusi tititi, nyeupe pepepe, nyekundu pyu, amelowa chapachapa. Kila sifa ina mkolezo wake, na hakuna anayesema nyeusi pepepe. Kiswidi hufanya vivyo hivyo kwa kubandika neno mbele: kolsvart, nyeusi ya makaa, snövit, nyeupe ya theluji, iskall, baridi ya barafu, blixtsnabb, kasi ya radi, stenhård, ngumu ya jiwe, genomblöt, chapachapa hadi ndani. Splitterny ni mpya kabisa na pinfärsk ni mbichi kabisa, kama samaki aliyeshushwa sasa hivi. Mtu wa pwani anayeyasikia haya anayaelewa kwa moyo kabla hajaelezwa.

Uchaguzi uko hivi: jätte- hubandikika karibu popote, kwa hiyo ukiwa na shaka ndilo salama. Kol-, snö- na pin- zina mwenza wake maalumu, na ukimkosea mwenza, neno haliji. Lakini ukilipata sawa, sentensi yako inapata uhai ambao mycket haiwezi kuupa. Natten var mycket mörk ni taarifa. Natten var kolsvart inamwonyesha msomaji usiku wenyewe. Maneno haya hayalinganishwi wala kukolezwa mara ya pili. Kolsvart tayari imefika mwisho.

Vivumishi vingine vinapolinganishwa, angalia vimejengwa na nini. Barnvänlig, rafiki kwa watoto, huwa barnvänligare. Lakini välbetald, anayelipwa vizuri, hufumuka: bättre betald, bäst betald. Hapo lugha yenyewe inarudi kwenye maneno yaliyoachana, kwa kuwa kulinganisha ni kutoa habari ya kiasi.

Lugha zetu na majina yetu

Msemaji wa Kiswahili nchini Sweden ataona swahilitalande na swahilispråkig. La kwanza ni la anayezungumza, kwa hiyo ni la watu: en swahilitalande tolk, mkalimani anayesema Kiswahili. La pili ni pana zaidi na ndilo linalofaa kwa maandishi: en swahilispråkig broschyr. Kipeperushi hakizungumzi, hivyo -talande halikifai. Yanayoishia kwa -ande hayabadiliki kamwe: ett swahilitalande barn, två swahilitalande barn. Swahilispråkig hubadilika kama kivumishi kingine chochote.

Kistari nacho kinaweza kubadilisha jambo zima. Svensk-somalisk, kwa kistari, ni baina ya nchi mbili: ett svensk-somaliskt samarbete, ushirikiano wa Sweden na Somalia. Svensksomalisk, bila kistari, ni ya Wasweden wenye asili ya Kisomali: en svensksomalisk författare, mwandishi mmoja mwenye pande zote mbili ndani yake. Vivyo hivyo svensk-amerikansk na svenskamerikansk. Watoto wetu waliozaliwa Göteborg au Malmö wanastahili namna isiyo na kistari pale wanapoelezwa, na mzazi akiiona imekosewa kwenye barua ya shule ana haki ya kusahihisha.

Kwenye ombi la kazi

Matangazo ya kazi ya Sweden yamejaa vivumishi hivi: stresstålig, anayestahimili presha, serviceinriktad, anayejali wateja, lösningsorienterad, anayetafuta ufumbuzi, ansvarstagande. Hili la mwisho lina ndugu wawili wanaochanganywa nalo. Ansvarig ni mwenye dhamana ya jambo fulani: Hon är ansvarig för köket, jiko liko chini yake, awe makini au asiwe. Ansvarsfull ni mtu makini, lakini pia ni sifa ya kazi yenyewe: ett ansvarsfullt arbete. Ansvarstagande ni mtu tu, yule anayechukua jukumu bila kusukumwa. Ukiandika jag är ansvarig bila kutaja för nini, msomaji anabaki akisubiri.

Wengi wetu hunakili maneno ya tangazo na kuyapanga kwenye barua: Jag är stresstålig, ansvarstagande och serviceinriktad. Hakuna kosa la sarufi hapo, lakini mwajiri amesoma sentensi hiyo mara nyingi sana. Tangazo linatafuta aina ya mtu, ndiyo maana limetumia maneno yaliyounganishwa. Barua yako inapaswa kuleta habari, na habari hukaa kwenye maneno yaliyoachana. Chukua neno moja la tangazo, lifumue: Jag är van vid att arbeta natt på äldreboende och vid att fatta beslut när ingen chef är på plats. Nimezoea kufanya kazi ya usiku kwenye makazi ya wazee, na kuamua mambo msimamizi asipokuwepo. Hapo stresstålig imethibitishwa bila kutajwa.

Kwenye wasifu wa kazi, ambako nafasi ni finyu na msomaji anapitisha macho tu, rudi kwenye neno moja. Heltidsanställd 2019–2022 (mwajiriwa wa muda wote) inatosha. Ndani ya barua, anställd på heltid inasomeka vizuri zaidi, hasa ukitaka kuongeza ilikuwa wapi na ulifanya nini.